Pipa Lililofungwa kwa Namele

Jumamosi ile asubuhi Leisavi alikuwa akikuna viazi vikuu kwa ajili ya laplap, chakula chetu cha Jumapili kinachookwa kwa mawe ya moto. Mumewe, Kalmet, alikuwa akipasha mawe motoni. Binti yao Lelina alikaa chini ya upenu akipangusa majani ya mgomba ya kufungia. Alikuwa na miaka saba, na kazi hiyo aliifanya kwa madaha. Kila mbwa aliposogea alimkaripia, utadhani yeye ndiye mama mwenye nyumba.

Lelina alikuwa na pumu. Kijiji kizima tulijua. Ikimshika, mama yake alimkalisha wima na kumpa dawa ya kuvuta. Baada ya muda mtoto alirudi kwenye michezo yake, na sisi tukarudi kwenye mambo yetu.

Siku hiyo upepo uliuleta moshi wa moto moja kwa moja upenuni. Lelina akakohoa mara moja, akakohoa tena, kisha akashindwa kuacha. Leisavi akamtoa kwenye moshi, akampa dawa yake. Haikusaidia. Kifua cha mtoto kilikuwa kikibonyea kila alipovuta pumzi, na midomo yake ikaanza kupauka. Leisavi hakupiga kelele. Alimbeba mgongoni akaelekea zahanati kwa mwendo wa mbio, mikono yake bado imejaa ute wa viazi.

Nesi wetu aliitwa Rolenas. Alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Malekula, mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Alimsikiliza Lelina kifua, akamvisha kinyago cha oksijeni, akaufungua mtungi. Kisha akautazama mshale wa mtungi, akakunja uso.

"Hii haitoshi," akasema. "Ikiisha sina nyingine. Kalmet, shusha boti. Tunavuka kwenda hospitali ya kisiwa kikubwa sasa hivi."

Kalmet alikuwa mlangoni. Hakusogea.

"Kalmet, umenisikia?"

"Petroli hakuna, nesi."

Leisavi aligeuka akamtazama mumewe kama mtu asiyeelewa lugha. Kalmet akatoka hadi kwenye banda la mafuta, akalipiga teke pipa la petroli. Pipa likalia ngo, hadi sisi tuliokuwa barazani tukasikia. Lilikuwa tupu kabisa.

Sasa hapa niseme ukweli, maana watu hupenda kumtupia lawama mtu mmoja. Boti ile ilinunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za baraza la eneo, maalumu kwa wagonjwa. Siku ilipofika tulichinja nguruwe, tukacheza ngoma, chifu akahutubia hadi jua likatuchoma visogo. Ilikuja na injini mpya na pipa zima la petroli. Kalmet akachaguliwa kuwa mtunzaji, na ufunguo wa banda ukaning'inia shingoni mwake.

Kalmet hakuiba hata tone. Shida yake ni kwamba hakujua kukataa. Timu ya mpira iliomba mafuta ya kwenda kwenye mashindano, akawapa. Akina mama wa kanisa waliomba ya kupeleka mikeka sokoni, akawapa. Mchungaji akaomba galoni moja tu. Kila mmoja aliahidi kurudisha, na wachache walirudisha kidogo. Aliyechota kuliko wote alikuwa Taripoa, kaka yake Leisavi, aliyekuwa akiposa binti wa kisiwa kikubwa. Posa haziishi kwa safari moja. Leo anapeleka kava, kinywaji chetu cha mizizi, kesho mikeka, keshokutwa nguruwe. Na kwetu mwanamume hamkatalii kaka wa mkewe. Mtu amekupa dada yake, wewe umnyime petroli? Utasimangwa mpaka unywele wako wa mwisho uwe mweupe.

Na sisi wengine je? Sisi tulikuwa abiria. Tulipanda boti ya wagonjwa tukiwa wazima, tukicheka.

Siku hiyo Mungu alituonea huruma. Upande wa pili wa kisiwa kulikuwa na meli ya mizigo ikipakia nazi kavu. Vijana walimbeba Lelina hadi ufukweni, wakampakia kwenye mtumbwi, wakapiga makasia mpaka kwenye meli. Nahodha aliposikia habari aliacha magunia yake pwani akang'oa nanga. Lakini meli ya mizigo huenda kwa mwendo wake. Njiani oksijeni ikaisha. Leisavi alimpakata mwanawe wima, akawa anamwambia avute, atoe, avute, atoe. Nesi Rolenas alimpulizia dawa kupitia chupa ya plastiki iliyokatwa tundu, ili dawa iingie kifuani isiishie mdomoni.

Walipofika gatini hakuna aliyewangoja. Hakuna aliyejua kwamba wanakuja, maana katika ule mshtuko hakuna aliyepiga simu. Wakasimamisha gari la muuza mboga. Hospitalini daktari wa zamu ikabidi afuatwe nyumbani, na ufunguo wa chumba cha oksijeni ukatafutwa kila mfuko. Lelina alipona, lakini daktari alimwambia Leisavi bila kuzunguka kwamba wangechelewa kidogo tu, angemrudisha nyumbani akiwa amefunikwa. Tena akamwambia kwamba pumu ya namna hiyo itarudi.

Maneno hayo Leisavi alirudi nayo kisiwani. Pumu itarudi.

Usiku wa kurudi, mtoto alipolala, Kalmet alivua ufunguo shingoni akauweka mezani mbele ya mkewe. Akamwambia ampe mtu mwingine, yeye hafai. Leisavi hakuugusa.

"Nijibu jambo moja," akasema. "Ulimwogopa kaka yangu kuliko unavyompenda mtoto wako?"

"Sikumwogopa. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuitwa mchoyo. Mama Lelina, hapa mtu akiitwa mchoyo, kesho hata salamu hapati."

Leisavi alikuwa na hasira, lakini alijua mumewe anasema kweli, na hilo likamwongezea hasira. Mwisho akamwambia avae ufunguo wake. Kumbadilisha mtunzaji hakutasaidia, kwa sababu atakayefuata naye atakuwa na mashemeji.

Kesho yake alikwenda kwa Nesi Rolenas. Alitaka kujua kitu kimoja: kama boti ipo, nesi yupo na hospitali ipo, kwa nini mwanawe nusura afe?

Nesi alimkaribisha jikoni, akampa chai. Akamweleza taratibu, kwa maneno ambayo hata mimi niliyekwenda naye niliyaelewa. Alisema sisi tuliomba boti, baraza likatupa boti, kila mtu akadhani kazi imekwisha. Lakini boti ni mwanzo tu. Mafuta huisha, oksijeni huisha, injini huchakaa, na dereva asiyejua kumshika mgonjwa anaweza kumuua kabla hajafika. Vitu hivyo vinataka fedha kila mwaka, siyo mara moja.

"Na fedha hizo ziko wapi?" Leisavi akauliza.

"Palepale zilipotoka za boti. Kila mwaka baraza la eneo hutenga fungu la afya na majanga. Lakini halimfuati mtu nyumbani. Linagawanywa kwenye mkutano wa mipango. Asiyeomba hapewi, na anayeomba lazima aseme anataka nini na atakitunza vipi."

"Mkutano wenyewe lini?"

"Wiki ijayo. Ndani ya nakamali."

Leisavi akaweka kikombe chini. Nakamali ni nyumba ya wanaume. Hunywewa kava humo na huamuliwa mambo humo, na mwanamke wa kijiji chetu haingii. Nesi alilijua hilo. Akamwambia mumewe anaweza kusema kwa niaba yake.

Wiki nzima Leisavi alimfundisha Kalmet. Akiwa shambani alimfundisha, wakila alimfundisha. Aombe mafuta ya mwaka mzima. Aombe mitungi miwili ya oksijeni, mmoja ukienda kujazwa mwingine ubaki. Aombe fundi wa kuikagua injini, mafunzo ya madereva wawili, na maelewano na hospitali kwamba wakipigiwa simu, mtu aje gatini na machela. Kalmet alirudia yote bila kukosea. Lelina naye aliyashika, akawa anamsahihisha baba yake.

Siku ya mkutano, sisi wanawake tulikaa nje nyuma ya nakamali, tukisuka mikeka kana kwamba tuna hamu ya kusuka. Ukuta wa mwanzi hauzuii sauti. Tulimsikia Chifu Matakai akisema kwamba mwaka huu anataka jukwaa la saruji la sherehe za Uhuru, maana mwaka jana wachezaji ngoma walikwama kwenye tope, wageni wakatucheka. Wanaume wakaitikia. Kisha tukamsikia Kalmet akisimama. Akasema habari za asubuhi. Akakohoa. Akasema kuna jambo la boti. Halafu kimya.

Wanaume wale wote walikuwa wamechota lile pipa, na sasa walikuwa wakimtazama. Maneno yakamkauka mdomoni.

Leisavi alisimama, akasogeza mdomo kwenye mwanzi.

"Mzee chifu, samahani. Mimi ni mama yake Lelina. Sijaingia ndani, niko nje. Ila mume wangu amepoteza maneno, na mimi ninayo."

Ndani wakashtuka. Wa kwanza kupata sauti alikuwa Taripoa, ndugu yake wa tumbo moja, mtu wa mzaha tangu utotoni. "Dada, siku hizi kuta zimeota midomo?"

"Huu umeota, kaka. Na utasema mpaka usikilizwe, kwa hiyo kaa."

Watu wakacheka. Kicheko hicho kilimsaidia. Leisavi akasema yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ile ile ya kumfundishia mumewe. Akasema jukwaa ni zuri, lakini mchezaji ngoma aliyekwama kwenye tope hunawa miguu akaendelea kuishi. Akasema boti yetu ilikuwa imeegeshwa ufukweni, nyeupe, inang'aa, wakati mwanawe akigeuka rangi.

Katibu wa baraza la eneo aliitwa Jonel, kijana mwenye miwani, mtu wa kufuata utaratibu. Alisema baraza lina nafasi ya wanawake, na kama mmoja wao anatoa hoja hastahili kuitoa kupitia ukutani. Akaomba mkutano uhamie kwenye uwanja wa voliboli. Wazee walinung'unika, lakini walitoka. Leisavi akasimama mbele yao, mkeka wake ambao haujaisha ukiwa bado mkononi.

Basi Jonel akauliza swali gumu. Alisema fungu lipo, na ombi linastahili. Lakini mwaka jana baraza lilitoa boti pamoja na pipa zima, na pipa likanywewa. Akienda mwaka huu kuomba tena wilayani ataulizwa: nani anahakikisha halitanywewa? Kufuli lilikuwapo, na ufunguo ulikuwapo.

Wengine tulitazama chini. Kweli ikisemwa hadharani, uwanja huwa mdogo.

Leisavi alifikiri. Kisha akamgeukia chifu.

"Mzee, tunapotaka samaki wakue, tunafanya nini?"

"Tunaufunga mwamba."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa namele."

"Kuna mtu aliyewahi kuvua pale ukiwa umefungwa?"

Chifu akatikisa kichwa. Kila mtu alilijua jibu. Jani la namele likitundikwa na chifu, kitu hicho kimefungwa. Humgusi samaki, huangui nazi, huvuki mpaka. Ukivunja unalipa nguruwe mbele ya watu wote, na jina lako linabaki na doa.

"Basi lifunge pipa," Leisavi akasema. "Shemeji akiomba, mume wangu hatakuwa anamkatalia yeye. Atakuwa analiheshimu jani lako. Mtu haitwi mchoyo kwa kuheshimu namele."

Kalmet aliinua kichwa, na nikamwona akivuta pumzi ndefu.

Chifu alisita. Akasema namele ni ya mambo ya mila, haijawahi kufunga kitu cha serikali. Sisi tulijua kinachomsumbua. Wanawe walikuwa wavuvi, na wao pia walichota. Leisavi naye alijua. Hakumwaibisha. Alisema ataanza na nyumba yake mwenyewe. Mtu yeyote wa kwake, awe mume, awe kaka, akigusa pipa bila mgonjwa, yeye Leisavi atamtoa yule nguruwe dume anayemfuga, mwenye jino lililojikunja, awe faini.

Taripoa akaruka kama aliyekalia mwiba. "Dume lile ni la harusi yangu!"

"Ndiyo. Kwa hiyo kaa mbali na pipa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na chifu naye akacheka hadi akajifuta macho. Mtu akishacheka hivyo, kukataa kunakuwa kazi. Alisema atalifunga. Akaongeza neno la maana, kwamba siku ya mgonjwa nesi ataliondoa jani kwa mkono wake bila kumsubiri chifu, maana chifu naye anaweza kuwa shambani. Jukwaa likasubiri mwaka mwingine.

Fedha zilitoka, ingawa hazikutoka haraka. Leisavi alikwenda ofisi ya baraza mara nyingi hata walinzi wakamzoea, wakawa wanamwekea kiti. Mitungi ya oksijeni ikaja, na fundi akaja. Hospitali ilitoa namba moja ya simu ya dharura, na Nesi Rolenas akaiandika kwa rangi kwenye ukuta wa zahanati ili hata mtoto aione. Tukatundika mtungi mtupu wa gesi wa kupigwa kama kengele. Ukipigwa mfululizo, dereva wa zamu anaacha lolote alilonalo mkononi.

Kwa udereva, nesi alimchagua kijana mmoja mtulivu aliyeitwa Sale. Wa pili alimtaja Taripoa. Watu walishangaa. Nesi akasema hataki mtu mwema, anataka mtu anayeijua miamba akiwa amefumba macho, na mtu huyo ni Taripoa aliyepita pale na nguruwe mara zisizohesabika. Taripoa alijifunza kumfunga mgonjwa mkanda, kumkalisha mwenye pumu wima asilale, na kuendesha pole kwenye mawimbi. Akavishwa fulana ya kuokolea, akawa anatembea nayo hata pasipo na maji.

Miezi ikapita. Posa ikakubaliwa, na harusi ya Taripoa ikapangwa kufanyika kisiwa kikubwa. Siku chache kabla, Taripoa alikwenda kwa shemeji yake jioni na chupa ya kava. Wakaongea mengi. Mwisho akasema anataka galoni chache tu, avushe nguruwe na wazee kwa heshima, siyo kwa makasia kama watu wa zamani. Chifu hatajua. Dada hatajua.

Leisavi alikuwa ndani, na alisikia kila neno. Alijizuia asitoke.

Kalmet aliushika ufunguo wake shingoni. Kisha akasema, "Shemeji, hapana."

Maneno mawili tu. Lakini mimi nimemjua Kalmet tangu tukiwa watoto, na sikuwahi kusikia mtu akisimulia kwamba aliyasema.

Taripoa aliondoka na kava yake. Hakumsalimia shemeji wala dada kwa siku zilizobaki. Aliwaambia watu kwamba ataoa kwa makasia, na kwamba nyumba fulani ameifuta. Leisavi aliumia, maana yule ni kaka yake wa pekee. Usiku alilia kidogo. Lakini asubuhi alikwenda kulilisha dume la harusi kama kawaida.

Siku ya harusi mitumbwi ilipangwa ufukweni tangu alfajiri. Sale, yule dereva mwenzake, alikuwa ametangulia jana yake na wazee. Taripoa alivaa shati la maua, shada la majani shingoni, na shangazi zake walikwisha kummwagia unga wa talki kichwani, kama desturi ya harusi zetu, mpaka akawa mweupe. Nguruwe walikuwa wamefungwa, dume kubwa likiguna.

Ndipo upepo ukageuka. Kisiwa jirani kina mlima wa moto ambao huvuta moshi wake kila siku, na sisi hatuujali. Asubuhi ile ulitema majivu mengi, na upepo ukayaleta yote kwetu. Mbingu zikawa kijivu. Majivu yakaanza kuanguka juu ya mikeka, juu ya nguruwe, juu ya unga wa Taripoa. Redio ilikwisha kutahadharisha, na Leisavi alikuwa amefanya alivyofundishwa. Alimweka Lelina ndani, akaziba madirisha kwa nguo zilizoloweshwa, akamfunga kitambaa puani. Hata hivyo majivu yalipenya.

Mara hii hakusubiri midomo ipauke. Mtoto alipoanza tu kubonyea kifua alimpa dawa kupitia ile chupa, akambeba. Nesi alimsikiliza, akawasha oksijeni, akapiga simu namba ya ukutani. Akasema jina, umri, pumu kali, tunakuja. Kisha akatoka akaupiga mtungi wa gesi kama mtu anayeudai deni.

Ufukweni Taripoa alikuwa na mguu mmoja ndani ya mtumbwi. Alisikia. Wenzake wakamwambia mitumbwi ikichelewa mawimbi yatakuwa makubwa, na baba mkwe si mtu wa subira. Taripoa aliwaambia watangulie na nguruwe, akakimbia.

Alipofika kwenye banda, Kalmet alikuwa amekwisha kufungua. Nesi Rolenas alilishika jani la namele lililokauka juu ya pipa, akaliondoa mbele yetu, akaliweka kando kwa adabu. Kalmet akaligonga pipa kwa ngumi. Halikulia. Lilitoa sauti nzito, fupi, ya kitu kilichojaa. Leisavi, mtoto mgongoni, alifumba macho aliposikia sauti ile.

Boti ilitoka. Taripoa aliiendesha katikati ya majivu, shati la maua likiloa, Lelina ameketi wima mapajani mwa mama yake na kinyago usoni. Wakaipita mitumbwi ya harusi njiani. Gatini walikuta machela, nesi wawili na dereva wa gari la wagonjwa, injini inawaka. Hakuna aliyetafuta ufunguo. Jua lilipokuwa utosini, Lelina alikuwa kitandani akipumua, akilalamika kwamba kinyago kinamwasha.

Taripoa alifika harusini kwake amechelewa, ana rangi ya majivu kuanzia kichwani hadi vidoleni, amevaa fulana ya kuokolea juu ya shati. Baba mkwe alikuwa amekwisha kuanza kufoka. Taripoa akamweleza alikotoka. Yule mzee akaagiza maji ya kuoga yaletwe, na kwamba hakuna atakayekula kabla bwana harusi hajawa msafi.

Jioni bwana harusi na bibi harusi walikwenda wodini na laplap ya sherehe, bado ya moto ndani ya majani. Lelina alitaka kujua nani aliyapangusa majani hayo, maana yalikuwa na mchanga. Wakamcheka. Kalmet, aliyevuka na mtumbwi wa mwisho, alikuwa amesimama mlangoni. Taripoa akamwendea. Wakatazamana.

"Shemeji," Taripoa akasema, "siku ile ungenipa, leo ningekuwa na harusi na msiba."

Kalmet alimshika mkono, akaushikilia, na wote wawili wakalia waziwazi mbele ya wagonjwa.

Kesho yake, kabla ya kuvuka kurudi, walijaza petroli kiasi kile kile kilichotumika na kuubadilisha mtungi wa oksijeni, kwa fungu la baraza. Walipofika kisiwani Chifu Matakai akatundika jani jipya, bichi, juu ya pipa. Majivu yalikuwa hayajafagiliwa vizuri barazani, mchungaji akaja na galoni yake mkononi, anatabasamu. Kabla Kalmet hajafungua mdomo, Taripoa alikwisha kusimama mlangoni mwa banda, amevaa fulana yake ya kuokolea.

"Mchungaji," akasema, "hata harusi yangu ilivuka kwa makasia."